Anayechemsha maji kwa jua Karatu apunguziwe ushuru

Saa 12 jioni magari yote ya watalii yanatakiwa yawe yametoka ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Madereva wanapandisha ukingo, wanashuka kupitia lango la Lodoare, na ikifika saa 1 usiku hoteli, loji na kambi za Karatu zinafungua mabomba kwa pamoja. Mgeni ameshinda kwenye jua na vumbi tangu alfajiri. Swali lake la kwanza akifika mapokezi, kabla hata ya kuulizia chakula, ni kama maji ya moto yapo.

Maji hayo yana gharama, na hesabu yake haihitaji mhandisi. Tuseme chumba cha wageni wawili kinatumia lita 100 za maji ya kuoga. Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya bombani ni ya baridi, tuyape nyuzi 18. Kuyafikisha nyuzi 50 kunakula karibu uniti 4 za umeme. Kwa bei ya Sh292 kwa uniti, iliyopangwa mwaka 2016 kwa wateja wa kundi la T1, na kabla ya kujumlisha VAT na tozo nyingine, chumba kimoja kinatumia karibu Sh1,100 kwa usiku mmoja. Loji ya vyumba 20 ikijaa, kuoga peke yake ni karibu Sh22,000 kila jioni, tena saa ileile ambayo nchi nzima imewasha taa, televisheni na pasi na TANESCO imebanwa kuliko saa nyingine yoyote. Anayekimbia bili hiyo huishia kwenye kuni: pipa la maji nyuma ya vyumba, moto chini yake, na kijana aliyeajiriwa kukesha akiuchochea.

Juu ya mapaa ya majengo hayohayo jua limepiga bure mchana kutwa.

Halmashauri ya Wilaya ya Karatu haihitaji mfadhili wala mfuko mpya ili kulibadilisha jambo hili. Nyenzo inazo: kibali cha ujenzi, ushuru wa huduma, mikopo ya asilimia 10, na fedha za majengo inayojenga yenyewe. Dodoma itahitajika kuridhia sheria ndogo, lakini hatua ya kwanza ni ya madiwani. Anayejenga kwa namna inayookoa misitu na umeme wa wote anatupunguzia mzigo sisi sote, na ni haki arudishiwe sehemu ya alichotupunguzia.

Kwa nini Karatu? Kwa sababu mji huu umekua haraka kuliko ulivyojipanga. Lami ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japani, ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, Karatu iliacha kuwa mahali pa kujaza mafuta na kunywa chai. Ikawa mahali pa kulala. Kuanzia Rhotia hadi Bashay, mashamba yaliyokuwa ya mahindi, ngano na kahawa yakaanza kuota maghorofa mafupi, hema za turubai na nyumba za kulala wageni. Kila jengo jipya lilihitaji maji, kuni na matofali, na vyote vitatu vilitoka ardhi ileile.

Tuyaangalie matofali. Wakati wa kiangazi, ukipita pembezoni mwa mji, utayaona matanuri. Udongo mwekundu unachimbwa palepale, unakandwa kwa miguu, unapigwa kwenye kibao na kuanikwa. Matofali yakikauka yanapangwa kama chumba kisicho na mlango, huku chini yakiachwa mashimo ya kusukumia magogo. Nje tanuri linakandikwa udongo ili joto lisitoroke, kisha moto unawashwa na kulishwa usiku na mchana. Tanuri likipoa linabomolewa. Matofali ya katikati yameiva na yanagongana kama chuma. Ya pembeni yametoka mabichi, yanauzwa kwa bei ya kutupa au yanaachwa yayeyuke na mvua. Kinachobaki shambani ni shimo, na magogo yaliyoungua hayahesabiwi na mtu yeyote kwenye gharama ya jengo, kwa sababu mjenzi alilipia tofali tu.

Baadhi ya magogo hayo ni mikaratusi ya mashambani, na huyo aliyepanda mti wake ana haki ya kuuvuna. Lakini mashamba hayatoshi. Uhitaji ukizidi, shoka linatazama juu, kwenye Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini ulio ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Msitu huo, pale unapofunika miteremko ya Oldeani na ukingo wa kreta, ndio unaokamata ukungu na mvua na kuyaachia maji polepole. Vijito vinavyoshuka Ziwa Manyara vinatoka huko. Chemchemi za Mang'ola, ambako wakulima wa vitunguu wanamwagilia mwaka mzima katika bonde kame la Ziwa Eyasi, zinalishwa na milima hiyohiyo. Mkulima wa Mang'ola ambaye hajawahi kulala hotelini ana maslahi katika kila tanuri linalowashwa Karatu mjini.

Njia nyingine ipo na haijatoka mbali. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, kwa miaka mingi umekuwa ukifundisha utengenezaji wa matofali ya kufungamana. Udongo unachanganywa na simenti kidogo, unashindiliwa kwenye mashine ya mkono, kisha tofali linanyweshewa maji kivulini hadi likomae. Haliingii motoni. Kwa kuwa matofali yanashikana yenyewe, hata simenti ya kujengea inapungua. Udongo wa Karatu upimwe kwanza, maana si kila udongo unafaa bila kuongezewa mchanga, lakini hiyo ni kazi ya fundi na maabara, haiwezi kuwa kikwazo. Tena jamii ya Wairaqw haifundishwi leo kwamba udongo mbichi unaweza kumhifadhi mtu. Wazee wao walijenga nyumba zilizozama nusu kwenye ubavu wa kilima na kuziezeka kwa udongo. Walizijenga hivyo ili kujificha na wavamizi, na ndani yake baridi ya nyanda za juu haikuwapata.

Sasa twende kwenye nyenzo zenyewe.

Nitaanza na kibali cha ujenzi kwa sababu punguzo lake halina gharama kubwa kwa halmashauri. Mtu yeyote aliyewahi kujenga anajua kwamba kinachouma zaidi ya ada ni muda. Ramani inakaa, ofisa hayupo, mafundi wanasubiri, simenti inaganda stoo. Halmashauri ikitangaza kwamba ramani yenye hita ya maji ya jua, tangi la kuvuna maji ya mvua, madirisha yanayopitisha hewa na mwanga, na kuta za matofali yasiyochomwa itashughulikiwa kabla ya nyingine na kwa nusu ya ada, wachora ramani wa Karatu na Arusha wataanza kuvichora vitu hivyo bila kuhubiriwa. Mteja wao ndiye atakayewadai. Na kwa kuwa hita inatakiwa ionekane kwenye paa kabla ya jengo kukaguliwa mara ya mwisho, udanganyifu hauna pa kujificha.

Ushuru wa huduma una uzito zaidi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kwa miaka mingi imeruhusu halmashauri kutoza kampuni ushuru usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kuondoa VAT na ushuru wa bidhaa. Kiwango hicho ni ukomo wa juu. Hakuna kinachoizuia halmashauri kutoza chini yake kwa sababu inayoeleweka. Kwa kiwango hicho, loji yenye mauzo ya Sh500 milioni kwa mwaka inalipa Sh1.5 milioni. Ukiipunguzia theluthi moja kwa miaka mitatu, umeiachia Sh1.5 milioni kwa jumla. Fedha hiyo hainunui mtambo wa kupasha maji wa vyumba 20. Lakini ukiijumlisha na bili ya umeme inayoshuka kila mwezi, mhasibu wa loji ataanza kuuliza bei ya mtambo, na swali hilo ndilo lililokosekana. Masharti yawe makali: punguzo litolewe baada ya mtambo kufungwa na kukaguliwa, lisizidi miaka mitatu, na majina ya waliolipata yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata kama yanavyobandikwa mapato na matumizi.

Najua mtu wa fedha wa halmashauri atakunja uso. Mapato ya ndani hayatoshi, madawati hayatoshi, na huyu mwandishi anataka tuwapunguzie wenye hoteli. Pingamizi hili ni la kweli na sitalipita juujuu. Ndiyo maana nasema theluthi, nasema miaka mitatu, na nasema baada ya ukaguzi. Nasema pia kwamba punguzo lisiwe la wenye loji peke yao. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita mjini, ambaye wageni wake ni madereva na wafanyabiashara wa vitunguu, analipa ushuru wa nyumba za kulala wageni. Naye awekwe kwenye mpango. Punguzo likiwafikia wakubwa tu, wananchi watalichukia, na watakuwa na haki.

Mikopo ya asilimia 10 ndiyo inayoweza kuufanya mpango huu uwe wa Karatu kweli. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisitisha mwaka 2023 baada ya kuibuliwa madudu ya vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, kisha ikairejesha 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vingi vilivyokopa huko nyuma vilikwenda kwenye bodaboda, ushonaji na ufugaji wa kuku, ambako kila mtu tayari yupo. Hebu fikiria kikundi cha vijana wa Endabash wenye mashine mbili za matofali ya kufungamana na zabuni ya halmashauri ya kujenga matundu ya vyoo vya shule. Fikiria kikundi cha wanawake waliofundishwa kufunga na kutengeneza hita, paneli na betri. Si ndoto. Katika wilaya jirani ya Monduli, wanawake wa Kimaasai wamefunzwa kujenga majiko yenye bomba la kutolea moshi ndani ya nyumba zao za boma, na kazi hiyo ya ujenzi wanaifanya wenyewe. Arusha ndiko kampuni ya Off Grid Electric ilikoanza biashara ya sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, na vijana wa mkoa huu wakajifunza kazi humo.

Lakini mikopo bila soko ni kuwatia watu deni, na soko la uhakika kuliko yote ni halmashauri yenyewe. Mwaka 2021, kwa mkopo wa Sh1.3 trilioni wa kukabiliana na UVIKO-19, nchi hii iliamua kujenga madarasa 15,000 kwa mkupuo, kila moja kwa Sh20 milioni, kwa utaratibu wa force akaunti ambao halmashauri inanunua vifaa na mafundi wa hapohapo wanajenga. Uwezo tulionao wa kujenga kwa pamoja ulionekana wazi. Katika kila ramani ya namna hiyo kungeweza kuwa na mstari mmoja unaosema kuta zitakuwa za tofali lisilochomwa na paa litakuwa na mfereji na tangi. Awamu nyingine za madarasa, zahanati na nyumba za walimu zinakuja. Halmashauri ikiwa mnunuzi wa kwanza, bei ya tofali la kufungamana itashuka na fundi atazoea, kisha mwenye nyumba binafsi atafuata kwa sababu ameona jengo limesimama.

Shule hizo nazo zina jiko, na jiko nalo linakula kuni. Serikali ilizielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Agizo bila ruzuku ya jiko humwacha mwalimu mkuu na barua mkononi na sufuria juu ya mafiga.

Kuna nyenzo moja ambayo halmashauri ilikuwa nayo ikaondolewa, na lazima niiseme kwa sababu kwingineko duniani ndiyo inayofanya kazi zaidi. Ni kodi ya majengo. Ukusanyaji wake ulihamia TRA mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla: nyumba ya kawaida ilianza kwa Sh12,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 ikapanda hadi Sh18,000. Ni njia rahisi ya kukusanya, sikatai. Lakini ina kasoro mbili kwa hoja yetu. Kodi ni ileile kwa nyumba ya kawaida yenye hita ya jua na isiyo nayo, kwa hiyo halmashauri haina pa kumpunguzia mtu. Na kwa kuwa inapita kwenye mita, mpangaji anajikuta akimlipia mwenye nyumba, huku mwenye nyumba anayetakiwa kushawishiwa abadilishe paa lake akiwa hausikii mkato huo hata kidogo.

Mji wa Berkeley, California, ulifanya kinyume mwaka 2008. Manispaa ilimkopesha mwenye nyumba gharama ya paneli, naye akairejesha polepole kupitia kodi yake ya jengo kwa miaka 20; akiuza nyumba, deni linabaki na nyumba na mnunuzi anaendelea kulipa. Utaratibu huo ukaenea katika majimbo mengine ya Marekani. Sisi tunayo mashine ya kukusanyia kila mwezi, iko ukutani kwa kila mteja wa LUKU. Ikiwa inaweza kukata kodi, inaweza pia kukata rejesho dogo la mkopo wa hita, na mteja akabaki na nafuu kwenye uniti. Hili ni la Wizara ya Fedha, TRA na TANESCO kukubaliana, na mbunge wa Karatu ndiye wa kulibeba bungeni.

Wapo watakaosema punguzo la nini, lazimisheni tu. Tuangalie waliolazimisha. Barcelona ilianza mwaka 2000 kutaka majengo mapya yapate sehemu kubwa ya maji ya moto kutoka kwenye jua, na miaka sita baadaye Hispania yote ikaweka sharti la aina hiyo. Barcelona ni mji wenye wakaguzi. Kenya nayo ilitunga kanuni mwaka 2012 zikitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge hita za jua, na yale ya zamani yakapewa miaka mitano. Utekelezaji ulisuasua. Wenye majengo waliona gharama, hawakuona nafuu, na wakaguzi hawakutosha. Naamini kwetu tuanze na nafuu kwa miaka michache, mafundi wapatikane na bei izoeleke, kisha sharti lije likiwakuta watu tayari.

Upande wa serikali kuu kuna lililofanyika. Sheria ya VAT ya 2014 ilipotungwa iliweka paneli na betri za sola kwenye orodha ya misamaha, na mwaka 2018 EWURA ilitoa kanuni za kumwezesha mteja mwenye mtambo wake kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa. Nafuu hizi zinaanzia bandarini na kwenye mitambo, na mjenzi wa Karatu hazioni anapokwenda kuomba kibali. Zingeshikana na punguzo la halmashauri zingekuwa na nguvu mara mbili.

Ukivuka lango la Lodoare mamlaka inabadilika. Ndani ya kilomita za mraba 8,292 za Hifadhi ya Ngorongoro, mwenye neno juu ya nini kijengwe ni Mamlaka ya Hifadhi. Kwenye ukingo wa kreta, mita zaidi ya 2,200 juu, baridi ya Juni na Julai haina mzaha na ukungu hufunika jua hadi saa 4 asubuhi. Hita ya jua huko itahitaji msaada wa chanzo kingine kwa wiki kadhaa za mwaka, na mwenye kuuza asimfiche mteja jambo hilo. Lakini loji za huko zinalipa tozo za konsesheni, na Mamlaka inaweza kuzifungamanisha na kiasi cha dizeli na kuni kinachotumika. Inao uwezo mkubwa kuliko halmashauri yoyote, kwa sababu ndiyo inayotoa na kuhuisha mikataba.

Wapo pia wenyeji. Tangu 2022 familia nyingi za wafugaji zimehamia Msomera, Handeni, na zaidi ya hapo mjadala wake ni mrefu kuliko makala hii. Walioko bado hifadhini ni raia na wana watoto wanaosoma usiku. Haitakuwa haki hoteli ya ukingoni isifiwe kwa paneli zake huku shule na zahanati ya jirani ikikosa taa. Mpango wowote wa nishati safi Ngorongoro uwahesabu wenyeji kwanza, na paneli juu ya zahanati iwe miongoni mwa masharti ya mkataba wa loji.

Karatu haikosi watu wa kudai. Wilaya hii ilimpeleka bungeni Dk Willibrod Slaa kwa miaka 15, kuanzia 1995 hadi 2010, kwa tiketi ya upinzani, na wananchi wake wanajua kumsimamisha diwani mkutanoni na kumuuliza fedha zimekwenda wapi. Wamuulize na hili.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, na makisio ya halmashauri hujadiliwa miezi kadhaa kabla. Waheshimiwa madiwani, katika kikao hicho pelekeni rasimu ya sheria ndogo yenye mambo manne: nusu ya ada ya kibali kwa jengo linalopasha maji kwa jua na kutumia tofali lisilochomwa, punguzo la theluthi ya ushuru wa huduma kwa miaka mitatu baada ya ukaguzi, kipaumbele cha mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya mafundi wa kazi hizo, na agizo kwamba darasa lijalo la halmashauri lijengwe bila tanuri. Mkurugenzi aipeleke TAMISEMI mapema, maana ikichelewa tutakuwa tumepoteza msimu mwingine wa kiangazi, na kiangazi ndicho kipindi matanuri yanapowashwa.